Jinsi tulivyorekebisha sampuli ya Nairobi iliyoelemea wazee

Faili ya kura yetu ya maoni ilikuwa na wahojiwa 600. Walio na miaka 18 hadi 34 walikuwa 240, yaani asilimia 40, ilhali shabaha yetu kwa kundi hilo ni asilimia 50. Chanzo ni saa za kazi: ukibisha hodi Mathare au Embakasi saa nne asubuhi, kijana ameshatoka kutafuta riziki.

Kabla ya uzani, yaani kulipa kila kundi uzito unaolilinganisha na shabaha, tulisafisha misimbo, namba zinazowakilisha majibu. “Sijui” iliandikwa 98 na “amekataa kujibu” 99, na programu huzihesabu kama alama halisi. Wastani wa swali la alama 1 hadi 5 ukizidi 5, anza hapo.

Uzani ni shabaha kugawanya kwa kilichopatikana. Vijana: 50 ÷ 40 = 1.25. Wengine: 50 ÷ 60 = 0.83. Mgombea aliyependwa na asilimia 60 ya vijana na asilimia 40 ya wengine alipanda kutoka 48 hadi 50. Katika kinyang'anyiro cha karibu, pointi hizo mbili ni nyingi mno kupuuzwa.

Uzani una gharama: sampuli hubaki na nguvu ya watu wachache zaidi. Zidisha uzani wa kila mhojiwa kwa wenyewe, jumlisha, kisha gawanya mraba wa jumla ya uzani kwa jibu hilo: 360,000 ÷ 625 = 576. Kiwango cha makosa, yaani kadiri matokeo yanavyoweza kupotoka, kikokotoe kwa 576, si 600.

“Ulipiga kura?” ni swali gumu zaidi, wengi husema ndiyo kwa aibu, na uzani wa umri hauondoi hilo.