Waache Waokote, Msiwakemee

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na Ruthu sura ya 2, pale Ruthu, mjane na mgeni, anapookota mabaki ya mavuno kwenye shamba la Boazi, nikiwa nafikiria lile shamba tunalolima kwa kujitolea ili jirani ambaye hana kitu naye apate cha kupika.

Sheria yenyewe iko Walawi 19:9-10, ukivuna usimalize mpaka pembeni mwa shamba na yaliyoanguka usirudi kuyaokota, hayo ni ya maskini na mgeni. Mungu hajasema ukijisikia uwaachie, kasema waachie. Yaani kile chakula kilishakua chao tangu kinaota, na sisi saa zingine tunashika jembe tukijiona wafadhili!

Boazi alienda mbali zaidi, mstari wa 15 na 16 anawaambia vijana wake wamwache Ruthu aokote hata katikati ya miganda, wamchomolee na mengine makusudi, na wasimkemee. Hilo la wasimkemee limenishika kweli, manake Boazi alijua mtu anaweza kupewa chakula akashiba na bado akarudi kwake ameumia moyo. Na alichopata Ruthu sio kidogo, jioni alipopura ilifika kama efa moja ya shayiri, karibu lita 22, huo ni mzigo jamani.

Kwa hiyo shambani kazi haiishii kwenye kupalilia. Mboga za majani tuzikate asubuhi na umande wake, jua likishakua kali zinanyauka hata kabla hazijamfikia mtu, majani yaliyotobolewa na wadudu tuyatoe, karoti tuzioshe tope, na mafungu yalingane. Lile fungu ambalo wewe mwenyewe ungelichagua ukiwa sokoni ndo liende kwa jirani. Na picha za mtu akinyoosha mkono kupokea, nawaomba sana tuache kabisa, ana watoto yule na wataziona.

Alafu akitokea anayepokea na anataka naye alime, mpeni jembe, Ruthu mwenyewe aliokota mpaka jioni. Ila mgonjwa na mzee apelekewe mpaka mlangoni na asiulizwe mbona haonekani shambani, kuna watu wanapenda kumtupia mtu 2 Wathesalonike 3:10, ile ya asiyetaka kufanya kazi asile, wakati Paulo alikua anawasema waliogoma kazi, sio mtu aliyelala kitandani.

Kabla ya Jumamosi someni sura yote, fikeni mstari wa 18 muone Ruthu anampa Naomi mkwewe chakula alichobakiza mchana baada ya yeye kushiba. Yule aliyekua anaokota nyuma ya wavunaji naye alikua na mtu wa kumlisha nyumbani. Na hawa wetu ni hivyohivyo, kwa hiyo anayegawa aulize kwa upole nyumbani mko wangapi, alafu afunge fungu la kuwatosha.