Kobe hataki kuachia

Jumamosi, usiku

Nimerudi nyumbani na mswada wa mchezo wangu wa watoto, umejaa wino mwekundu, na ukurasa wa 33 una doa la juisi ya ukwaju. Ukurasa huohuo ndio unaoninyima usingizi.

Leo tumeusoma mchezo kwa mara ya kwanza, katika ukumbi mdogo wa kuazima huku Kikwajuni, mjini Unguja. Mavazi hakuna, jukwaa hakuna. Waigizaji wanne wamekaa mezani na karatasi zao, wapigaji pembeni, na mbele yao watoto 9 juu ya mkeka. Mwenzangu anayetunga muziki alitaka tuusome kwanza wakubwa peke yetu, watoto waje baadaye tukishajisahihisha. Nilikataa. Wakubwa tukikaa peke yetu tutasifiana tu, na mimi kusifiwa napenda, sitaki uongo.

Hadithi ni ile ya kisima. Ukame umeingia, wanyama wanachimba, Sungura anasema yeye mikono yake si ya jembe. Maji yakipatikana, ndiye wa kwanza kuja kuyaiba usiku. Sungura humlaghai mlinzi mmoja kwa asali, mwingine vilevile, mpaka Kobe anapojitosa kisimani, akangoja kimya, akamkamata mguu. Kila mtu ana yake ya bibi yake. Mimi nimechukua ya bibi yangu nikaongeza nyimbo 7.

Muziki tumeuweka katika kidumbak, ndugu mdogo wa taarabu. Taarabu ya ukumbini inataka kundi kubwa na wasikilizaji waliotulia. Kidumbak ni ya arusini, hubebeka, na mtoto wa Ng'ambo, mitaa yetu hii, kiuno kinamcheza kabla hajajua kwa nini. Tulikuwa na ngoma mbili ndogo, fidla, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti vya kugonga, na sanduku. Hili sanduku liliwashinda watoto kabisa. Sanduku la mbao limefudikizwa, limetobolewa, kamba moja imepita tunduni ikafungwa kwenye fimbo. Mzee akiivuta fimbo sauti inapanda, akiilegeza inashuka. Mtoto mmoja alilala kifudifudi kuchungulia ndani nani anayenguruma.

Tukaanza. Paukwa! Nilitegemea kimya, watoto wa siku hizi na simu zao. Wakaitikia "Pakawa!" mpaka bati likalia.

Wimbo wa pili ndio uliokuwa wa kwanza kunitia aibu. Mstari unasema "barabara ya kisimani". Mwenzangu ameupa mdundo mzito silabi ya pili, basi ikatoka baRAbara, ile ya kusema sawasawa kabisa, badala ya baraBAra wanayopita watu. Mie nimeusikia wimbo huo mara ishirini jikoni kwangu, sikulisikia hilo. Kijana wa skuli ya msingi akauliza, "Anti, anamkubalia nani?" Mwenzangu akajikuna kichwa. Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, hilo twalijua sote, lakini ukishika kinanda unafuata vidole, maneno yanaburutwa nyuma. Tumekubaliana kuanzia sasa atayasema maneno kwa mdomo kwanza, kwa makofi, ndipo atafute sauti.

Halafu ukaja "Kiu". Huu ndio wimbo wangu. Beti nne, vina vya kati na vya mwisho, wiki tatu za kukata na kubandika. Sungura yuko peke yake usiku, anaungama kwa nini hakuchimba. Dada aliyeuimba ameuimba vizuri, siwezi kumlaumu. Ubeti wa pili, mtoto mmoja akaanza kuchambua ukindu wa mkeka. Wa tatu, mwengine akaomba kwenda chooni, wakaondoka wanne. Wa nne tulijiimbia wenyewe.

Sasa ukurasa wa 33. Kobe ameushika mguu, Sungura anajifanya kucheka: "Umeshika mzizi!" Katika mswada wangu Kobe anadanganyika, anauachia, na kuna kurasa 6 za kukimbizana. Haukuwa wimbo, yalikuwa maneno tu. Lakini mpiga mkwasa mikono ilikuwa ikimwasha, akagonga. Msichana mdogo mbele kabisa akapiga kelele, "Si mzizi, ni mguu!" Sungura akarudia kwa mdundo. Wote wakajibu. Mzee akaingia na sanduku. Umeshika mzizi! Si mzizi, ni mguu! Ikapanda, ikapanda, juisi ikamwagika, na kila Kobe akitaka kusoma mstari wake wa kuachia, watoto wanamzomea. Mwishowe akaiweka karatasi chini akaniangalia mimi. "Sasa nifanyeje? Hawanipi ruhusa."

Nimekuwa nikifikiri njia nzima. Bibi alipokuwa akitutolea hadithi, wimbo haukuzidi mistari miwili, na hakuuimba yeye. Tukiuimba sisi, yeye akipumzisha koo na kutafuta tambuu yake. Mimi nimeandika nyimbo 7 na zote nimewapa watu wa mezani. Nadhani ni skuli iliyonifundisha hivyo: tumesimama mstari, mikono nyuma, ngonjera ya kumkaribisha mgeni rasmi, na watoto wenzetu wamekaa juani wanatusubiri tumalize.

"Kiu" nitaikata. Nimeiandika sentensi hiyo, nimeifuta, nimeiandika tena. Labda utabaki ubeti mmoja, ule wa kwanza, na fidla peke yake.

Kurasa 6 za kukimbizana ni tabu zaidi, kwa sababu Kobe asipoachia, mchezo umekwisha nusu saa kabla ya wakati na Sungura hajajifunza wala hajaomba radhi kwa mtu. Ingawa bibi naye, nikikumbuka vizuri, hakumwombesha radhi. Alikuwa akifika hapo anasema tukalale.

Usomaji wa pili ni Jumamosi ijayo, watoto walewale. Kabla ya hapo lazima nimpigie mzee. Leo konda wa daladala ya Mwera amelitoza sanduku nauli ya abiria mzima, na mzee amelipa kwa hasira, akalikalisha kitini, akakataa kumpisha mtu.