Kidonge kilichogoma kuyeyuka

Mashine ya kupimia uyeyukaji wa vidonge hatukuwa nayo, na fedha za kuinunua ndiyo kabisa. Nilikuwa na bika mbili za lita moja, beseni la maji ya moto, kipimajoto, na mota mbili ndogo nilizozifunga makasia ya plastiki. Utaratibu tulioufuata ulitaka mililita 900, nyuzi joto 37, kasia lizunguke mara 50 kwa dakika. Mizunguko tuliihesabu kwa macho, kwa alama ya wino kwenye kasia. Jaribu kuihesabu darasa zima likicheka!

Ndani ya vidonge, badala ya dawa, tulitia rangi nyekundu ya chakula. Kila dakika tano tulivuta mililita 5 kwa sirinji, tukarudisha maji ya uvuguvugu kiasi kilekile, kisha tukalinganisha wekundu na mirija sita iliyopangwa mbele ya karatasi nyeupe: kuanzia maji matupu, ikipanda kwa asilimia 20 hadi 100.

Vidonge wanafunzi walivitengeneza wenyewe, makundi mawili. Vya kundi la kwanza vilinata kwenye mashine ya kuvikandamiza, vikatoka vimebabuka. Vya kundi la pili vilikuwa laini, vinang'aa. Nikawasifu mbele ya wenzao, tena kwa sauti.

Dakika ya tano, kile kibaya kilikuwa kimeshasambaratika, bika jekundu. Kizuri kimetulia chini kama kokoto, kikitoa uzi mwembamba wa rangi. Nusu saa ikapita, hata mrija wa 20 hakijaufikia.

Tukarudi nyuma hatua kwa hatua. Laktosi (sukari ya maziwa inayokijaza kidonge) ileile, uji wa wanga uleule, chekeche lilelile. Mwishowe binti mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tulipokuwa tunangoja zamu ya mashine tuliendelea kuchanganya. Ulisema tuchanganye vizuri."

Walichokuwa wakichanganya ni magnesi stearati, unga wenye utelezi unaozuia kidonge kisinate. Hutiwa kidogo sana, mwishoni, na kuchanganywa dakika chache tu. Ukizidisha, unajipaka juu ya kila punje, na kwa kuwa haupatani na maji, maji hayapenyi. Wao walikuwa wameuchanganya karibu nusu saa.

Neno "vizuri" lilikuwa bado ubaoni, kwa mwandiko wangu. Nikalifuta, nikaandika "dakika 3".

Tulipoosha vyombo, kiini cha kidonge kile kilikuwa bado hakijaisha. Wakaniomba wasikimwage.