Gundam katika Filamu Tatu: Watoto Walioachiwa Vita

Mfululizo wa katuni za televisheni wa Mobile Suit Gundam ulianza kuonyeshwa nchini Japani tarehe 7 Aprili 1979, na Januari 1980 ilipokwisha ulikuwa tayari umeondolewa hewani. Watayarishaji walikuwa wamepanga sehemu 52, lakini zilizotoka ni 43 tu, kwa sababu watazamaji walikuwa wachache na Clover, kampuni ya vitu vya kuchezea iliyokuwa mdhamini mkuu, haikupata mauzo iliyoyatarajia. Mwezi huu, nikiwa nyumbani kwangu South B, nimezirudia filamu tatu zilizotokana na mfululizo huo. Nimemaliza nikiwa na hakika kwamba ndimo mlimo na nia halisi ya mwongozaji wake, Yoshiyuki Tomino, kwa sababu alipopewa nafasi ya kukata, alikata yaliyohusu roboti ya kuchezea na kumbakiza mtoto aliyekalishwa ndani yake.

Wengi wetu hapa Nairobi tuliyajua maroboti makubwa kupitia filamu za Marekani, ambamo magari yanajigeuza na majengo yanaporomoka, na tukaenda kuzitafuta kwa wauza sidii wa River Road kwa ajili ya mapigano hayo. Anayeingia katika Gundam akitarajia hayo atayapata, lakini si hayo yanayobeba hadithi. Mimi mwenyewe niliutazama mfululizo wote nikiwa chuoni, kutoka nakala niliyopewa na mwenzangu wa bwenini, na nilichokumbuka kwa miaka mingi ni uchovu wa watu waliomo ndani ya chombo kimoja kinachokimbizwa bila kupumzika.

Kisa chenyewe kinatokea mwaka wa 0079 wa kalenda mpya, wakati binadamu wengi wamehamia katika makazi ya angani, mitungi mikubwa inayozunguka ili waliomo wapate uzito wa miguu kama walio duniani. Dola ya Zeon inadai uhuru kutoka kwa Shirikisho la Dunia, na vita vinapoanza, mojawapo ya makazi hayo linaangushwa juu ya dunia. Katika muda wa mwezi mmoja hivi nusu ya binadamu wamekufa, jambo ambalo msimulizi analitamka kwa sauti tulivu kabla hatujamjua mhusika hata mmoja. Kisha tunapelekwa Side 7, mojawapo ya makazi ya angani, anakoishi Amuro Ray, kijana wa miaka 15 anayependa kufungua na kuunga mashine. Zeon wanapovamia, anajikuta mbele ya silaha aliyoisanifu baba yake, roboti kubwa iitwayo Gundam, anaingia ndani na kuiendesha huku akifungua kurasa za kitabu cha maelekezo.

Napenda pia jinsi hadithi ilivyojipa sababu ya kuwa na maroboti. Kuna chembechembe zinazoitwa za Minovsky, ambazo zikitawanywa vitani huvuruga rada na mawasiliano ya redio, hivyo makombora ya masafa marefu hayana shabaha tena na wapiganaji wanalazimika kukaribiana mpaka waonane kwa macho. Kwa hiyo Zeon wakaunda Zaku, mashine yenye mikono na miguu, wakaitoa kiwandani kwa wingi kama inavyotolewa bunduki. Zaku huharibika, huishiwa risasi, na ndani yake kuna mtu mwenye jina. Katuni nyingi za maroboti zilizotangulia zilikuwa na shujaa mmoja na jitu lisiloshindika. Humu jitu ni kifaa cha jeshi, na jeshi lina karani, mpishi na mhasibu wa mafuta.

Jinsi mfululizo ulioshindwa ulivyofufuka ni habari ya watazamaji wenyewe zaidi kuliko ya kampuni. Ulipooneshwa tena ulipata wafuasi, na Julai 1980 Bandai walianza kuuza vifaa vya plastiki vya kuunganisha, cha Gundam kikiuzwa yeni 300, bei ambayo mwanafunzi aliimudu. Tarehe 22 Februari 1981 umati wa vijana ulikusanyika Shinjuku, jijini Tokyo, kwenye hafla ya kuitangaza filamu ya kwanza, na hapo pakasomwa tamko la kwamba zama mpya za anime, yaani katuni za Kijapani, zimeanza. Filamu hiyo ilifika kwenye majumba ya sinema tarehe 14 Machi 1981, ya pili Julai mwaka huohuo, na ya tatu Machi 1982. Kila moja inapita saa mbili, na sehemu kubwa ya picha zake ni zilezile za televisheni zilizokatwa na kuungwa upya, pamoja na michoro mipya iliyokuwa ikiongezeka kadiri filamu zilivyofuatana.

Kuhusu kilichokatwa, lazima tukumbuke kwamba kipindi cha televisheni kilikuwa na deni kwa mdhamini. Takriban kila juma palihitajika adui mwenye mashine mpya, na Gundam yenyewe ilipakwa rangi nyeupe, nyekundu, buluu na manjano ili ipendeze dukani, ingawa hakuna jeshi ambalo lingemtuma askari wake vitani akiwa na rangi hizo. Baadaye ikaongezwa G-Armor, chombo cha vipande vinavyoungana na Gundam kwa namna kadha wa kadha, ambacho mtoto angeweza kukichezea sakafuni kutwa nzima. Katika filamu G-Armor haimo. Mahali pake pamechukuliwa na ndege ya kivita ya kawaida iitwayo Core Booster. Rungu la mnyororo ambalo Gundam ilikuwa ikilizungusha limetupwa pia. Ni mabadiliko madogo kwa mtazamaji asiyejali mashine, lakini yamebadili uzito wa kila pigano, kwa maana sasa hakuna anayesimamisha hadithi ili atuonyeshe bidhaa.

Nafasi iliyopatikana imejazwa na watu wazima waliowaangusha watoto. Humo ndimo nilimoona jambo ambalo sikuliona nilipotazama sehemu 43.

Chukua mkutano wa Amuro na mama yake katika filamu ya kwanza. Mama huyo alibaki duniani mume na mtoto walipohamia angani, na sasa anahudumia wagonjwa katika kambi ya wakimbizi. Askari wawili wa Zeon wanaingia kukagua, Amuro amefichwa kitandani kama mgonjwa, na chombo chake cha mawasiliano kinalia. Askari anapokaribia kulifunua blanketi, risasi inatokea chini yake. Mama hapigi kelele za kumshukuru Mungu kwamba mwanawe yu hai. Anachokiona ni kwamba mwanawe amempiga mtu risasi, na anamkumbusha kwamba hao nao wana watu wao nyumbani. Amuro anamjibu kwamba hivi ni vita. Kamera haichagui upande. Ninamwelewa mama, kwa sababu yule mtoto mpole aliyemwacha hayupo tena, na ninamwelewa kijana, ambaye asingelipiga risasi ile angekufa mbele ya macho ya huyohuyo mama. Wanapoachana, Amuro anampigia saluti, ishara ya askari kwa mkubwa wake, na mama analia kwa sababu amesalimiwa kama mtu wa jeshi wakati yeye alikuwa akingoja kukumbatiwa.

Nilikuwa nikitazama na mpwa wangu wa miaka 12, aliyekuja kwangu kwa likizo, na hapo ndipo aliponiuliza, "Mjomba, mbona asibaki tu na mamake?" Nilimwambia angoje filamu ya tatu. Sikuwa na jibu lililo bora kuliko lile ambalo Tomino mwenyewe ameliandaa huko.

Filamu ya pili ndiyo ninayoiona kuwa bora kuliko zote, na sababu yangu ni msichana mmoja aitwaye Miharu. Anaishi Belfast pamoja na wadogo zake wawili, Jill na Milly, wazazi wao hawapo, na anawalisha kwa pesa anazolipwa na Zeon kwa kupeleleza meli za Shirikisho bandarini. Kai, kijana mwenye maneno ya kejeli ambaye amechoka na jeshi na kushuka kutoka White Base, chombo wanachosafiria akina Amuro, anafikia nyumbani kwake. Anatambua upesi kazi anayoifanya, na badala ya kumshtaki anamwambia anachotaka kujua, kwa sababu amewaona wale watoto na chakula kilichopo mezani. Baadaye Miharu anaingia chomboni kwa siri, anashuhudia watoto wa umri wa wadogo zake wakihangaika katika shambulio lililoletwa na habari zake, na anaomba kupigana kando ya Kai. Mtambo wa kufyatua makombora unakatika stima, inabidi mtu avute kwa mkono, na anayekwenda kuvuta ni yeye. Mvuke wa moto wa kombora unamrusha nje. Kai anaendelea kuendesha na kumwita, kwa kuwa hajui.

Katika mitaa yetu hakuna anayehitaji kuelezwa Miharu ni nani. Mtoto wa kwanza anayeacha shule ili wadogo zake wale tunamfahamu kwa jina, na mara nyingi tunajua pia kazi anayoifanya na tunanyamaza. Filamu inampa heshima ambayo habari za vita huwa haziwapi watu kama yeye: haimfanyi msaliti aliyetubu, inamwacha awe dada mkubwa aliyekosea mahesabu kwa sababu mahesabu yenyewe hayakuwa na jibu.

Humo pia mna Ramba Ral, ofisa wa Zeon ambaye ni adui na ambaye bado anamtazama Amuro kama kijana anayestahili kuongozwa, na Matilda, luteni aliyeleta shehena na kuwafanya wavulana wa White Base watake kunyoosha mgongo. Wote wawili wanakufa. Kila mtu mzima ambaye angeweza kumlea Amuro anaondolewa, na kwa kuwa filamu inayaleta matukio hayo karibu karibu, pengo linaonekana. Televisheni iliyatenganisha kwa majuma. Bright, nahodha anayempiga Amuro makofi na kujibiwa kwamba hata baba yake hakuwahi kumpiga, ana miaka 19 tu. Nilipokuwa chuoni nilimwona kuwa mtu mzima; sasa ninamwona mvulana aliyekabidhiwa chombo kilichojaa wakimbizi. Na wimbo wa Daisuke Inoue unapoanza huku majeshi ya Zeon yakishuka Jaburo, ngome ya Shirikisho kule Amerika Kusini, haunisisimui kama wimbo wa ushindi. Wanaoshuka ni vijana vilevile.

Filamu ya tatu inatofautiana na mbili za kwanza kwa sura. Yoshikazu Yasuhiko, aliyewasanifu wahusika, aliugua na kulazwa hospitalini kabla mfululizo haujaisha, na michoro ya sehemu za mwisho inaonyesha kwamba hakuwapo. Alipopona alichora upya sehemu kubwa ya filamu hii, na nyuso zikapata uhai, hasa macho, ambayo humu yanasema mengi kuliko midomo.

Humo ndimo lilimo jibu la mpwa wangu. Baba yake Amuro, Tem Ray, alirushwa angani Side 7 iliposhambuliwa, akakosa hewa ya kutosha, na akili yake ikaathirika. Mwanawe anamkuta Side 6, katika chumba kilicho juu ya duka la vyuma chakavu. Mazungumzo yote mzee anayageuza kuwa ya Gundam, kisha kwa fahari anampa kifaa alichokiunda, akimwambia kitaiongezea nguvu. Amuro anakipokea, anatoka nje, anakitazama na kuona ni kitu cha kizamani kisicho na kazi yoyote, anakibamiza chini na kulia. Kwenye televisheni mama na baba walitenganishwa na miezi mitano hivi ya vipindi vya kila juma. Anayezitazama filamu tatu Jumamosi na Jumapili, kama tulivyofanya sisi, anawaona kama milango miwili ya nyumba moja, yote imefungwa. Mpwa wangu hakuuliza tena.

Ndiyo maana simlaumu Tomino kwa kuyapanua mambo ya Newtype, watu wanaoweza kuhisiana akilini bila maneno, ingawa wapo wanaosema yameielemeza filamu. Lalah, msichana aliyeko upande wa Zeon, anamwelewa Amuro kwa dakika chache kuliko mzazi wake yeyote alivyowahi, na kwa kuwa wako pande mbili za vita, Amuro anamuua. Baada ya hapo, katika ngome ya A Baoa Qu, uwezo huohuo anautumia kuwaelekeza wenzake mmoja mmoja njia ya kutoka kwenye chombo kinachoungua, na wanaomrudisha yeye salama ni watoto watatu wadogo, Katz, Letz na Kikka.

Bado siwezi kumshauri mtu atazame filamu tu bila mfululizo. Kukata kumeondoa siku za kawaida: kugawana chakula, wakimbizi wanaonung'unika wakitaka kuteremshwa, usiku ambao hakuna kinachotokea na hakuna anayelala. Uchovu niliousema pale juu unahitaji muda, na saa saba hazitoshi kuujenga. Sehemu ya 15 haimo kabisa. Ni ile ya Cucuruz Doan, askari wa Zeon aliyetoroka jeshi na kujificha kisiwani na Zaku yake, akiwalea watoto waliofiwa na wazazi vitani. Michoro yake ilikuwa mibaya kiasi kwamba Tomino aliomba isijumuishwe katika toleo la Marekani, lakini kwa hadithi ninayoieleza hapa, ya watoto walioachiwa vita, kuikosa ni hasara kubwa, kwa sababu humo pana mtu mzima mmoja ambaye hakuondoka.

Yasuhiko aliirudia mwaka wa 2022, akaiongoza mwenyewe kama filamu kamili, Toru Furuya akiwa bado ndiye sauti ya Amuro kama alivyokuwa mwaka wa 1979. Kisiwa kimepewa shamba, mbuzi, meza ndefu ya chakula na watoto wengi kuliko wale wa awali, na filamu haina haraka ya kuondoka hapo. Mwishoni Amuro anaibeba Zaku ya Doan na kuitupa baharini, ili kisiwani pasibaki harufu ya vita inayowavuta askari. Hiyo ndiyo ninayopendekeza itazamwe kati ya filamu ya kwanza na ya pili, mahali pale ambapo sehemu ya 15 ilipaswa kuwa.