Jinzi ya Bluu Tarangire

Tulitoka Arusha alfajiri kwenda Hifadhi ya Tarangire, mimi na dada yangu, na hadi tunapita Makuyuni ubishi ulikuwa haujaisha. Alikuwa amejitanda mtandio wa rangi ya chungwa. Nikamwambia simba watamwona yeye kabla yeye hajawaona. Mimi na jinzi yangu ya bluu na fulana nyeusi nilijiona mjanja.

Getini dereva alinitazama juu hadi chini. "Kaka, hiyo jinzi umewavalia mbung'o?"

Nilicheka. Saa moja baadaye kicheko kilikuwa kimeniisha. Mbung'o si mbu. Anatoboa jinzi kama sindano ya kushonea magunia. Goti la kulia peke yake niliwahesabu sita. Dada na suruali yake ya kaki alipata mmoja, labda aliyepotea njia.

Mbele kidogo dereva akatuonyesha kitambaa kimening'inia mtini, bluu na nyeusi, kimetiwa dawa ya wadudu. Bluu humwita mbung'o kutoka mbali, na kwenye nyeusi hupenda kutua, akidhani kapata mnyama. "Wewe ndiyo kitambaa chenyewe," akaniambia, "ila huna dawa." Akawasha mavi makavu ya tembo ndani ya kopo nyuma ya gari. Moshi ule nusu utuue, lakini ulisaidia.

Karibu na kinamasi cha Silale tulimkuta simba jike amejibana kwenye majani mabichi ya masika. Kwetu aling'aa kama ndizi mbivu mgombani. Swala pala, hatua kama hamsini hivi, wanakula tu! Nikauliza, hawa vipofu? Dereva akasema jicho la swala lina aina 2 za chembe za kutambua rangi, letu lina 3. Kwa swala, manjano, chungwa na kijani havipishani sana. Simba akitulia, ni majani tu. Na jicho la simba mwenyewe ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo mtandio niliopigia kelele tangu Arusha simba hakuuona wa ajabu hata kidogo. Dada alinitazama bila kusema neno. Afadhali angesema.

Upepo ukageuka, swala mmoja akakoroma, kundi lote likatimka. Pua ilikuwa imewaambia.

Jioni tulirudi nimejifunga ule mtandio kiunoni kuficha jinzi. Sikupewa bure: nilitakiwa kwanza kuomba radhi, dereva akisikia.