Mtori kwa anayesafisha damu

Mgonjwa wa figo zilizofeli anayesafisha damu kwa mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ana kipindi kimoja kirefu cha hatari: kuanzia Ijumaa anapochomolewa sindano hadi Jumatatu anaporudi kwenye mashine. Na kwetu Moshi, kipindi hicho ndicho chenye Jumapili. Watu wakitoka ibadani kuna mtori, yaani supu nzito ya ndizi na nyama, kuna machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, kuna kiburu, ndizi na maharage, parachichi pembeni na kahawa baadaye. Ikifika Desemba, ndugu wakishapanda kutoka Dar, Jumapili inageuka kuwa wiki nzima. Kwa hiyo maneno haya ni ya anayepika, kwa sababu siku hizo mbili usalama wa mgonjwa uko jikoni kuliko hospitali.

Ndizi si sumu. Tatizo ni potasiamu iliyomo ndani yake, madini ambayo figo nzima huyatoa kwa mkojo kila siku bila mtu kujua. Figo zikishindwa kazi, hubaki kwenye damu mpaka mashine iyachuje. Kiwango cha kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Kikipita 6, mapigo ya moyo yanaweza kuanza kuvurugika, 6.5 ni dharura, na mgonjwa anaweza kuwa amekaa anapiga soga hasikii chochote. Wengi wanaosafisha damu huwekewa mpaka wa miligramu 2,000 hadi 2,500 za potasiamu kwa siku. Parachichi kubwa lenye nyama ya gramu 200 lina karibu 1,000. Robo kilo ya ndizi mbichi zilizomenywa ina kiasi kama hicho. Weka na sahani ya maharage, na fungu la siku limeisha kabla ya chakula cha jioni.

Mtori wa kawaida una makosa mawili kwa mgonjwa huyu. Potasiamu huyeyuka kwenye maji, na mtori ni chakula ambacho maji yake hayamwagwi: kilichotoka kwenye ndizi na kwenye nyama chote kimebaki kwenye sufuria. Kosa la pili, mtori ni supu. Bakuli moja ni mililita 300 za maji, na mgonjwa hazihesabu kwa kuwa hakushika glasi.

Lakini unapikika. Kwa mtu mmoja chukua ndizi mshare tatu hivi, yaani kama robo kilo zikishamenywa. Zikate visahani vyembamba, unene wa milimita 3 au 4. Vipande vinene huiva nje huku potasiamu imebaki katikati. Vioshe, vitie kwenye lita mbili na nusu za maji, chemsha dakika 10, mwaga maji yote. Weka maji mapya kiasi kilekile, chemsha hadi ziive, mwaga tena. Watu wengi huishia kwenye kuloweka usiku kucha na kuamini kazi imekwisha. Kuloweka kwenye maji baridi hutoa kidogo sana, kinachotoa ni kuchemsha mara mbili na kumwaga. Ukifanya hivyo, nusu ya potasiamu au zaidi inakwenda na maji. Nyama, gramu 100, ichemshe kwenye sufuria yake na maji yake uyaache. Ponda ndizi kwa upawa mmoja wa maji safi ya moto, tia kitunguu kilichokaangwa, kijiko cha mafuta, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga. Maziwa acha, yana fosfeti, madini mengine ambayo figo zilizofeli hushindwa kuyatoa. Uwe mzito wa kuliwa kwa kijiko bila kumwagika.

Nyama hiyo usiitoe. Ambaye figo zimedhoofu lakini hajaanza kusafishwa damu huambiwa apunguze protini, gramu 0.6 hadi 0.8 kwa kila kilo ya mwili, na familia huendelea na sheria hiyo hata baada ya mashine kuanza. Hapo ndipo mgonjwa hukonda na kuvimba miguu kwa wakati mmoja. Akishaanza kusafishwa damu anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 kwa siku. Yai moja lina 6, na gramu 100 za nyama iliyoiva zina kama 25.

Ndizi ya kuchoma na ya kukaanga moja kwa moja hubaki na potasiamu yake yote. Kama ni lazima kukaanga, chemsha kwanza, mwaga, ndipo ukaange. Mchicha na mnafu navyo vikatekate kabla, chemsha kwenye maji mengi, kamua kwa mikono, kisha kaanga. Kabichi haina shida kubwa. Ugali wa sembe na wali ndio chakula cha kutegemea. Dona, ambayo kila mtu anaisifia, ina potasiamu na fosfeti zaidi, kwa hiyo si ya huyu. Tunda: tofaa moja dogo au kipande cha nanasi. Chungwa, ndizi mbivu, papai na madafu viwe vya wengine. Ipo chumvi inayouzwa kama mbadala salama kwa wenye presha, na nyingi kati ya hizo zimetengenezwa kwa potasiamu. Soma pakiti kabla hujanunua.

Sasa magadi. Kiburu bila magadi wengi hawakitambui, maharage bila magadi yanamaliza kuni. Lakini magadi ni sodiamu, sawa na chumvi ingawa ulimi hauioni chumvi. Sodiamu huvuta maji. Dripu ya chumvi ya hospitali ina gramu 9 za chumvi katika lita moja, na mwili nao hufanya hivyohivyo: ukila gramu 9, kiu haitulii mpaka lita moja imeingia. Ndiyo maana kumwambia mgonjwa "usinywe maji" huku chakula kimewekwa magadi na mchuzi wa unga wa pakiti ni kumtesa bure. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate. Maharage yaloweke usiku, mwaga maji, chemsha dakika 10, mwaga tena, kisha yapike mpaka yaive bila magadi. Hata hapo iwe nusu kikombe, na si kila siku.

Magadi yana jambo jingine ambalo watu wa Arusha na Moshi tunalijua kwa meno yetu ya kahawia: floridi. Maji ya miteremko ya Meru, kuanzia Maji ya Chai na Ngurdoto kuzunguka mpaka upande wa pili wa mlima, yana floridi nyingi, na magadi huiongeza chunguni. Figo nzima huitoa sehemu kubwa; zilizofeli huiacha ijikusanye kwenye mifupa. Kuchemsha maji hakuiondoi. Kadiri maji yanavyopungua kwenye birika ndivyo floridi inavyozidi. Kinachoichuja ni mkaa wa mifupa, uliofanyiwa kazi miaka mingi pale Ngurdoto, au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, angalia mashine yenyewe. Katika saa 4 damu ya mgonjwa hupita jirani na karibu lita 120 za maji, mililita 500 kwa dakika, ikitenganishwa na utando mwembamba tu. Maji ya kunywa yanaruhusiwa floridi miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya kusafishia damu mwisho ni 0.2. Ndiyo maana mtambo wa kuchuja maji ukiharibika, kazi inasimama hata kama mashine zote ni nzima. Ndugu anayesubiri nje hukasirika, na uchungu wake unaeleweka, lakini kuendelea kungekuwa hatari zaidi.

Mizani inunuliwe kabla ya chochote kingine. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna hesabu nyingine. Mgonjwa apimwe asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai, na nguo zilezile. Anayetoka na uzito mkavu, yaani uzito baada ya maji ya ziada kutolewa, wa kilo 60 asirudi na zaidi ya kilo mbili na nusu za nyongeza. Mashine inaweza kutoa zaidi, ila kwa mwendo unaozidi mililita 10 hadi 13 kwa kila kilo kwa saa presha hushuka, misuli ya miguu hukaza, na moyo huumia kidogo kidogo kila safari. Kiasi cha kunywa ni mkojo wa saa 24 pamoja na mililita 500. Kama anatoa mililita 300, basi ni 800, na humo imo chai, uji, supu, na mbege pia. Jaza chupa asubuhi. Kila anapokunywa kitu kingine, mwaga kiasi kilekile kutoka kwenye chupa. Ikiisha, imeisha.

Choo kigumu kisiachwe, maana utumbo nao hutoa sehemu ya potasiamu. Anayechoma insulini aangaliwe zaidi, kwa sababu figo zikifeli dawa hukaa mwilini muda mrefu na sukari hushuka ghafla, hasa usiku. Ikishuka, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji. Juisi ya machungwa, ambayo ndiyo watu hukimbilia, ni kumwongezea potasiamu.

Na Jumapili jioni, akisema miguu imelegea, au moyo unapiga taratibu na kuruka, au anashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, usihesabu saa zilizobaki mpaka zamu ya Jumatatu. Kama mko Rombo au Marangu, tafuta gari usiku huohuo. Mkifika mapokezi, jambo la kwanza kusema ni kwamba huyu anasafisha damu, mara ya mwisho ilikuwa Ijumaa, apimwe umeme wa moyo na potasiamu. Sindano na vipimo vya presha viende kwenye mkono usio na fistula, yaani mshipa ulioungwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine.