Nilivyotoa peptidi za kuua bakteria kwenye damu ya kaa wa mikoko

Kaa wa mikoko, Scylla serrata, huishi kwenye tope lililosheheni bakteria bila kuwa na kingamwili kama zetu. Sehemu kubwa ya kinga yake imo kwenye chembe za damu zilizobeba peptidi, minyororo mifupi ya amino asidi ambayo mingi hutoboa utando wa bakteria. Hapa Mombasa nimezitoa hivi.

Kaa nawapata kwa wavuvi wa hori ya Tudor na Mtwapa wakati wa bamvua, maji yakishakupwa na mashimo kufikika. Nachagua wenye gamba gumu, kwa kuwa kaa aliyetoka kujivua gamba amevuta maji mengi na damu yake ni nyepesi. Hufungwa magando, wakasafirishwa kivulini kwenye gunia lililoloweshwa maji ya bahari.

Maabarani nawalaza juu ya barafu mpaka miguu ilegee. Bomba la sindano ya geji 21 lazima liwe limejazwa nusu yake dawa ya kuzuia kuganda kabla ya kuchoma: chumvi 0.45 M (moli kwa lita), glukosi 0.1 M, sitrati ya sodiamu 30 mM (milimoli kwa lita), asidi ya sitriki 26 mM na EDTA 10 mM, pH 4.6. Nachoma ngozi laini kwenye kiungo cha mguu wa mwisho, ule bapa wa kuogelea, na kuvuta taratibu. EDTA hukamata kalsiamu. Bila hiyo damu huganda upesi, chembe zikapasuka na peptidi zikanasa kwenye donge.

Nazungusha damu kwa 800 g (mara 800 ya mvutano wa dunia), dakika 10, nyuzi 4, na kumwaga majimaji ya juu. Chembe nazivunja kwa mawimbi ya sauti ndani ya asidi ya asetiki 10%, chombo kikiwa kwenye barafu, kisha nazilaza usiku kucha kwenye baridi. Asidi hupunguza makali ya vimeng'enya vinavyokata peptidi na hugandisha protini nyingi kubwa. Nazungusha tena kwa 10,000 g na kupitisha maji ya juu kwenye safu ya C18, yaani chembechembe zinazonasa peptidi: naosha kwa asetonitrili 5%, kisha nakusanya ya 40% na ya 80% kila moja kando. Kisha nakausha kwa kugandisha, kazi inayohitaji stima isiyokatika, maana ombwe likipotea sampuli huyeyuka.

Kazi ngumu ni kuthibitisha kwamba kinachoua ni peptidi. Asidi ya trifluoroasetiki, inayotiwa kwenye asetonitrili ya safu, ikibaki huua bakteria yenyewe, na matokeo yakapendeza bure. Dawa yake ni kukausha tena mara mbili pamoja na asidi ya hidrokloriki (HCl) 10 mM, na kupitisha dawa tupu, isiyo na chembe, katika hatua zote. Ikiua nayo, jaribio halifai.

Plastiki nayo huiba. Peptidi nyingi zina chaji chanya, hivyo hung'ang'ania polistirini na kuonekana dhaifu. Natumia sahani za polipropilini, na kuyeyushia sampuli kwenye asidi ya asetiki 0.01% yenye albumini ya ng'ombe 0.2%. Bakteria naweka laki 5 kwa mililita kwenye mchuzi wa Mueller-Hinton, chakula cha kuoteshea bakteria, nyuzi 37, saa 18.

Sehemu ya sampuli naimeng'enya kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, kisha naichemsha ili kuua tripsini. Nyingine naichemsha tu. Ya kwanza ikipoteza nguvu na ya pili ikabaki nayo, nina peptidi au protini. Lisozimu, kimeng'enya kinachoua bakteria chenye uzito wa kDa (kilodaltoni) 14, yaweza kudanganya, kwa hiyo nachuja kwa kichujio cha kDa 10. Lakini kilichobaki juu ya kichujio situpi: krustini, peptidi za kinga za jamii ya kaa na kamba, zina kDa 7 hadi 14, na scygonadin, nyingine iliyoripotiwa kwenye shahawa za kaa wa mikoko, ina takriban kDa 11.

Hapo tu ndipo napima kama inapasua chembe nyekundu za damu ya binadamu, saa 1 kwa nyuzi 37, Triton X-100 1%, sabuni inayopasua chembe zote, ikiwa kipimo cha asilimia 100. Peptidi inayopasua bakteria na chembe nyekundu pia siiendelezi.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, nakishughulikia mwanzoni kabisa, na kile cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kinachotawala rasilimali za kijenetiki chini ya kanuni za 2006. Kanuni hizo zinadai pia kugawana faida, na kwangu mimi wavuvi wa Tudor wanaoyajua mashimo ya kaa wana haki humo.